Mwendo wa Mchi Mmoja

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwa nia ya kwenda kazini, lakini nilipofika kona ya karakana miguu ilikataa. Nilisimama na kikombe changu cha bati mkononi, nikilitazama paa la karakana ya mgodi pale Makongolosi, jinsi lilivyotetemeka kwa mngurumo wa injini. Mbele ya duka lilisimama lori la unga lililokwisha kupakua. Dereva alikuwa anayapiga matairi teke, moja baada ya jingine, kama mwenye nyumba anayeamsha wapangaji.

"Unakwenda wapi, kaka?" nilimwuliza.

"Iringa. Mungu akipenda, na breki zikipenda."

Utingo wake alikuwa ametoroka, amekwenda mtoni kutafuta dhahabu kama wengi wa wakati ule. Nikamwambia naweza kutia gogo nyuma ya tairi kwenye milima. Alinitazama kutoka juu hadi chini, macho yake yakaishia kwenye kikombe.

"Mzigo wako wote ndio huo?"

"Ndio huo."

"Basi ama umeua mtu, ama umefukuzwa na mke. Panda."

Nilipanda. Mke sikuwa naye. Lile jingine lilikuwa karibu na kweli. Mtu hakufa, lakini jicho lilikuwa limekufa, na tangu siku ile nilikuwa najiuliza kama ni mkono wangu uliolitoa.

Niseme kwanza nilifikaje kwenye mashine ile. Shule niliiacha darasa la tatu, siku alipopita kijijini mtu aliyetengeneza cherehani mbovu. Nilimfuata ili nione kilichomo ndani ya cherehani ya jirani yetu, nikaendelea kumfuata mpaka Tukuyu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuata vitu. Nimechuma chai, nimesukuma mikokoteni Mbeya, nimepasua mbao, kila mahali nikikaa mpaka nielewe kitu kinavyofanya kazi, kisha naondoka. Makongolosi nilikaa kuliko kote kwa sababu ya mashine ya kuchonga chuma.

Ilikuwa mashine nzito, nyeusi kwa mafuta. Kisu chake kilikuwa gurudumu la chuma lenye meno, mfano wa msumeno mnene wa duara, kimevikwa kwenye mhimili unaozunguka. Chini yake meza ilisogea polepole ikikipelekea kisu kipande cha chuma, nacho kikila njia humo kama mchwa anavyokula mlango. Fundi wangu alikuwa mzee kutoka Nyasa, mtu wa sauti ndogo na masikio makubwa. Alinifundisha kwamba siri yote ya mashine ile ni mwendo. Kisu kikizunguka polepole mno, kinakwaruza chuma tu na siku inaisha. Kikizunguka haraka mno, meno yanapata moto, yanalainika, yanapoteza ukali, halafu yanakwama ndani ya chuma huku injini bado inasukuma. Hapo lazima kitu kivunjike, na kikivunjika hakichagui pa kuangukia.

"Chuma kigumu kinataka mwendo mdogo," alikuwa akisema. "Shaba inataka mwendo mkubwa. Na kisu kikiwa kipana, chenye duara kubwa, punguza tena. Umeona ngoma ya duara? Anayecheza katikati anageuka tu hapo alipo. Anayecheza ukingoni anakimbia mpaka anatoka povu. Sasa meno ya kisu kipana ndiyo yanayocheza ukingoni."

Mwendo tuliupima kwa sikio. Fundi alichomeka unyasi mkavu kwenye ubao, akauelekeza kwenye mhimili, na kila mhimili ulipozunguka mara moja skrubu iliyojitokeza iliugonga ule unyasi: ta. Mlio ule akaulinganisha na kitu ambacho kila mtu wa huku amekisikia tangu tumboni mwa mama yake, yaani mchi ndani ya kinu. Kwa chuma kigumu, mwanamke mmoja anayetwanga. Kwa shaba, wanawake wawili kwenye kinu kimoja, wakipokezana. Na kwa kisu kipana kuliko vyote, "mwanamke mmoja ambaye mumewe hajarudi," alisema, "anatwanga huku anatazama njia."

Kubadili mwendo kulikuwa kuhamisha mkanda. Juu yetu, karibu na paa, ilipita shafti ndefu iliyozungushwa na injini ya mvuke. Injini yenyewe ilikuwa nje, inakula kuni mchana kutwa. Kutoka kwenye shafti ile mkanda wa ngozi ulishuka mpaka kwenye puli ya mashine yetu, na puli ilikuwa na vidato vinne kama ngazi, kila kidato na mwendo wake, kile kinene kikiwa cha kwanza na cha polepole kuliko vyote. Mwanzoni tulitega unyasi kila tulipohamisha mkanda. Lakini mwanamke mmoja alikuwa siku zote kwenye kidato cha pili, na wanawake wawili siku zote kwenye cha nne, na binadamu huchoka kuuliza jambo ambalo jibu lake ni lile lile. Unyasi tukauacha. Tukawa tunasema tu: weka cha pili, weka cha nne.

Kisha fundi akapata habari ya msiba, akaenda kwao kumzika mama yake. Alipokuwa hayupo mgodi ulileta injini ya dizeli, iliyong'olewa kwenye mgodi wa jirani uliofungwa, ikafungwa mahali pa ile ya mvuke. Kila mtu alifurahi. Hakuna tena kupasua kuni, hakuna kungoja maji yachemke. Kazi zilikwenda mbio. Kwenye mashine nyingine ya pale, ile ya kukerezea, maganda ya chuma yaliyokuwa yakitoka meupe sasa yalitoka ya bluu, yamejikunja kama mkia wa jogoo, yanang'aa. Watu waliyabeba kwenda kuwapa wake zao wayatundike ukutani. Mimi na mwenzangu wa chumbani, mpiga nyundo wa pale karakana, hatukuwa na wake. Tulitundika letu juu ya kitanda.

Fundi alirudi asubuhi moja, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Ilimbidi apige kelele ili aishinde dizeli.

"Mkanda uko wapi?"

"Cha pili, mzee!"

"Haya."

Na kweli ulikuwa cha pili. Niliuweka mwenyewe, nikauangalia mara mbili. Akaanza kuchonga. Lakini alikuwa mtu wa masikio, na sauti ya kisu haikusikika kwa ngurumo ile. Basi akainama karibu, akageuza kichwa, kama mganga anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Ndipo kisu kilipopasuka.

Sitasema zaidi juu ya hilo. Nyapara alikuja mbio, akauliza swali moja: "Nani aliweka mkanda?" Karakana nzima ikanigeukia.

Kwa hiyo nilipokuwa kwenye lori lile, na barabara ya kutoka Chunya inapanda kuelekea Mbeya, sikuogopa makorongo. Dereva ndiye aliyeogopa kwa niaba yangu. Kila lori lilipochoka alipiga kelele "Gogo! Gogo, bwana mdogo!" nami naruka chini na kutia gogo nyuma ya tairi, mawe yakiporomoka chini kwenye ukungu, na moyoni najiambia: cha pili, nilikihesabu kutoka upande gani? Je, siku ile nilihesabu kutoka kwenye kidato kinene, au nilisahau nikahesabu kutoka kwenye chembamba? Nilikuwa nimekumbuka tukio lile mara nyingi mno mpaka kumbukumbu yenyewe ilianza kulegea, kama skrubu iliyofunguliwa na kufungwa kila siku.

Mbeya dereva alikuwa na mtu wa kuonana naye. Nikaomba nami niende mara moja hospitali, alikolazwa fundi.

Fundi alikuwa amekaa kitandani, nusu ya uso imefungwa kitambaa cheupe. Nilimwamkia, akaitikia. Kisha mdomo wangu ukaniponyoka.

"Kilikuwa cha pili, mzee."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza."

"Basi kaa chini."

Nilikaa. Alikuwa anapigapiga ukingo wa kitanda kwa kidole, polepole, nami nikajua anapiga nini.

"Ungeniambia uliweka cha tatu," alisema mwishowe, "leo ningelala usingizi. Ningejua ni kosa la kijana, na kosa lina dawa. Lakini cha pili! Mimi mwenyewe nimeweka cha pili tangu wewe hujaota ndevu. Kimeingiwa na nini?"

Kidole chake kikaongeza nguvu kwenye ukingo wa kitanda.

"Nani anasimama pale sasa?"

"Hakuna. Wanangoja kisu kipya."

"Kikija watamweka yule mwenzako, mpiga nyundo. Ana mkono wa nguvu." Kidole kilisimama. "Naye atauliza mkanda unakaa wapi."

"Watamwambia cha pili," nilisema.

Jicho lake lililobaki lilinitazama. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha kuliko vyote, kwa sababu niliona naye anaogopa. Honi ya lori ikalia nje.

Nilipomsimulia dereva, alipiga usukani. "Kisu? Kisanduku cha mgodi? Hicho mimi ndiye mbebaji wake! Kinashuka na treni Dodoma, kinaletwa dukani kwa Mhindi Iringa, mimi nakichukua pamoja na unga. Kitakuwa kimeshafika." Alisema kwa furaha ya mtu aliyegundua undugu. Mimi niliona baridi.

Tulilala njiani, tukaendelea. Nchi ya Wabena ilitupokea kwa upepo mkali na mashamba ya pareto, maua yake meupe yameinama yote upande mmoja. Katikati ya mlima mmoja tulisikia mlio kama mfupa unaovunjwa, kisha injini ikanguruma kwa nguvu na lori halikwenda popote. Gogo nilitia bila kuambiwa.

Dereva alifungua gurudumu la nyuma akakaa chini kwenye vumbi. Kile kipande kidogo cha chuma kinachofunga gurudumu na ekseli, ambacho madereva hukiita kii, kilikuwa kimekatika, na mfereji wake kwenye ekseli umetafunwa wote.

"Kii ninazo nyingine," alisema. "Mfereji ndio sina. Mfereji haubebwi mfukoni."

Mwanamke aliyepita na mzigo wa kuni alituambia kuna misheni nyuma ya kilima, yenye karakana. Tulibeba ekseli begani, dereva mbele na mimi nyuma, tukafuata njia ya miguu. Mwalimu wa dini ndiye aliyetupokea, mtu mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Kamwene," alitusalimu kwa Kibena, tukaitikia. Akaitazama ekseli. "Bruda mwenye karakana ana homa, yuko kitandani. Mimi najua mbao tu. Kwa tindo mtachonga wiki nzima. Mashine ipo, lakini hakuna wa kuiendesha."

Dereva akanishika bega. "Huyu hapa!"

"Mimi sijui," nilisema.

"Hujui nini? Toka Mbeya unanihubiria vidato. Nimejua vidato kuliko aya za Mungu!"

Mwalimu alikwenda kumwuliza bruda, akarudi na maneno yake: "Amesema, kama anajua, aguse. Kama hajui, asiguse."

Nikasimama pale mlangoni nikiyageuza maneno yale. Shida yangu ilikuwa sikujua kama najua. Kama siku ile Makongolosi niliweka mkanda sawasawa na kisu bado kikapasuka, basi nilichofundishwa hakikuwa na maana. Na kama niliuweka vibaya, basi mkono wangu si wa kuaminiwa. Kwa vyovyote vile, nilikuwa nakwenda kusimama mbele ya kitu kilichokula jicho la mtu anayekijua kuliko mimi.

Karakana ilikuwa tulivu kama kanisa. Na mashine, nilipoiona, nilirudi hatua moja nyuma: ndugu ya ile yetu, umbo lile lile, puli ile ile ya vidato vinne. Hapakuwa na injini. Shafti ilizungushwa na maji ya mto yaliyoletwa kwa mfereji na kupita kwenye gurudumu nyuma ya ukuta, na mwalimu aliyafungulia kwa mlango wa mbao.

Tulibana ekseli mezani, ubavu uliokuwa mzima ukiwa juu. Nikavika kisu chembamba cha upana wa kii. Nikahesabu vidato kwa kuvigusa kimoja kimoja, kuanzia kile kinene kuliko vyote, nikarudia, nikamwomba dereva ahesabu naye.

"Huu uko wapi?"

"Cha pili. Unataka niape?"

"Fungulia maji, mwalimu."

Mhimili ulianza kuzunguka. Ulizunguka taratibu kama ng'ombe anayejigeuza zizini. Nikadhani mkanda unateleza. Haukuteleza. Nikadhani maji bado hayajajaa, mwalimu akasema yamejaa. Nikatoka nje, nikachuma unyasi, nikauchomeka ubaoni, nikasikiliza. Ta. Kimya. Ta. Kimya.

"Huyo si anayetwanga," dereva alisema. "Huyo anakwenda kuazima mchi kwa jirani."

Sikucheka. Nilikuwa nimesimama na mkono umeganda kwenye mkanda. Kidato cha pili, nimekigusa kwa kidole, shahidi yuko, na si mwendo wa kidato cha pili. Nikanyanyua macho kuifuata shafti ile ndefu mpaka ukutani, mahali ilipotokea. Kidato hakikuwa na mwendo wake hata siku moja. Kidato kilikuwa kinagawa tu kile kilichotoka nyuma ya ukuta. Nyuma ya ukuta huu kulikuwa na maji. Nyuma ya ukuta wa Makongolosi zamani kulikuwa na kuni na mvuke, na sasa kulikuwa na dizeli inayokwenda mbio kuliko mvuke ule, imefungwa kwenye shafti ile ile na puli zile zile. Kila kidato kilikuwa kimehama siku ile walipofunga injini, na sisi tukaendelea kukiita kwa jina la jana.

Na maganda ya bluu. Tuliyafurahia! Chuma kilikuwa kinaungua mbele ya macho yetu na kutupa alama ya kuungua kwake, nasi tukaitundika juu ya vitanda.

Watu hudhani mtu akigundua kwamba hana hatia hupata raha. Mimi nilipata kama pumzi moja. Pumzi ya pili nilimwona mwenzangu, mpiga nyundo, amesimama mahali pangu, kisu kipya kinang'aa, anapiga kelele kuishinda dizeli: mkanda unakaa wapi? Na hakuna hata mmoja pale aliyejua nilichokijua mimi, nami niko Ubena nimeshika unyasi.

"Bwana mdogo," dereva aliniita. "Umekuwa mweupe. Tuache?"

"Hapana."

Nilihamisha mkanda mpaka cha tatu. Ta, ta, ta. Ulikuwa karibu, lakini mwanamke huyu alikuwa na haraka kidogo, na ekseli ya lori ni chuma kigumu sana. Nikamwomba mwalimu ashushe mlango wa maji kidogo. Akashusha. "Kidogo tena." Akashusha. Nikafumba macho nikamtafuta mama yangu uani, asubuhi, peke yake, mchi wake mmoja. Alipofika nikasema, "Hapo hapo, usiguse."

Niliwaambia wote wawili wasimame nyuma ya mlango. Dereva alitaka kubisha, akauona uso wangu, akaenda. Nami nilisimama ubavuni, mbali kadiri mkono ulivyofika, nikasogeza meza. Kisu kilipogusa ekseli kililia, na mwili wangu wote ukaruka, lakini mkono haukuruka. Nilikuwa nachungulia maganda. Meupe. Nikamwagia maji ya sabuni, nikasogeza. Meupe. Kuna mahali yalitoka na rangi ya nyasi kavu, nikarudisha meza nyuma papo hapo, nikangoja kisu kipoe, moyo ukinipiga haraka kuliko wanawake wawili. Halafu tena. Sikuwahi kufanya kazi ndogo kwa muda mrefu vile. Nilipomaliza, mfereji ulikuwa umekaa kwenye ekseli umenyooka, safi, na nguo yangu imeloa mgongoni kama nimetoka mtoni.

Dereva alitia kii kwenye mfereji, ikaingia kwa kugongwa kidogo tu. "Sasa utacheka?" aliniuliza.

"Lini unarudi Makongolosi?"

"Kesho nikishapakia, nikijaliwa. Kwa nini?"

Nilimweleza njia yote iliyobaki. Nilimweleza tukifunga gurudumu, nikamweleza tukipita misitu ile ya baridi, nikamweleza mpaka alipoanza kuimba ili asinisikie. Tuliingia Iringa alasiri ya siku iliyofuata, mji umekaa juu ya mlima wake kama kuku juu ya ghala, mawe makubwa yameuzunguka. Mahali pageni kwangu kabisa. Siku nyingine ningeshuka kuanza kuuliza hili nini na lile nini. Siku ile nilimfuata dereva moja kwa moja mpaka dukani, na kisanduku kilikuwepo. Kidogo, cha mbao, kimeandikwa kwa rangi nyeusi. Alikitupia kwenye kiti cha mbele, nikakisikia kikigonga chuma. Kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake.

"Njoo turudi wote, ukaseme mwenyewe," dereva aliniambia.

"Wakiniona mimi hawatasikiliza. Watasema mwenye kosa anatafuta pa kulitua."

Hilo lilikuwa kweli. Kweli pia nilikuwa naogopa, na sikuona haja ya kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Alinipeleka kwa shemeji yake, mjane mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha karibu na msikiti. Tulipiga hodi tukakaribishwa uani. Yeye na jirani yake walikuwa wanatwanga mahindi kwenye kinu kimoja, michi ikipokezana bila kugongana, wanaongea huku huku.

"Shemeji, nimekuletea mpangaji," dereva alisema. "Ana kikombe."

"Ana adabu?"

"Anayo. Ila ana wazimu wa mashine."

"Chumba kipo kimoja cha nyuma," mama yule alisema bila kusimamisha mchi. "Akae akione."

Lakini mimi sikukiangalia chumba. "Sema tena utakachowaambia," nilimwambia dereva.

Alihema. "Nitawaambia: injini mpya imevuruga vidato vyote. Wasifuate namba. Wachomeke unyasi wausikilize. Kwa chuma, wanawake wawili kwenye..."

"Mmoja!"

"Mmoja, mmoja. Wawili ni shaba."

Kama angesahau barabarani, na neno moja likageuka mawili, angekuwa amebeba kisu na kifo cha mwenzangu kwenye kiti kimoja, tena kwa maneno yangu. Nikamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, samahani sana. Nakuomba upumzishe mchi wako. Mwenzako aendelee peke yake."

Wanawake wale walitazamana. "Hajalala hata siku moja ameshaanza kutupangia kazi," jirani alisema. Lakini mama akanyanyua mchi wake akauegemeza begani. Yule mwingine akaendelea. Mchi mmoja, ukienda juu, ukishuka, udongo wa ua ukiitikia chini ya miguu yetu.

"Sikiliza," nilimwambia dereva. "Sahau maneno yote. Beba mlio huo tu. Mpiga nyundo ukimwona, mpigie huo kwa kidole, mwambie mhimili wake ukilia haraka kuliko hivi asiweke uso wake pale."

Dereva alisikiliza. Safari hii hakuwa na utani. Alianza kupiga paja lake kwa kiganja, akaukosa mwendo, akaupata. Alitoka nje hivyo hivyo anapiga, akapanda kwenye lori, akatoa mkono dirishani akawa anapiga mlango: ta, ta, ta. Nilisimama barabarani. Injini ikawaka. Lori likaondoka, likashika mwendo, na nikasikia mkono unaanza kuifuata injini, haraka, haraka zaidi.

Nilikimbia. Nilipita mbuzi na watoto nikipiga kelele, "Polepole! Mmoja! Mmoja!" Pale kwenye kona mkono ule dirishani ukasimama hewani. Kisha ukashuka, ukapiga mlango taratibu, mara moja, na mara moja, na mara moja, mpaka vumbi likaufunika.

Nilirudi nikihema. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo. Alinionyesha chumba: kitanda cha kamba, msumari ukutani wa kutundikia nguo, dirisha dogo linalotazama uani. Nikaweka kikombe changu sakafuni.

"Sasa naruhusiwa kutwanga?" aliuliza.

"Twanga, mama."

Akatoka. Nilikaa kitandani nikasikiliza mchi wa jirani, kisha mchi wake ukaingia, ikawa miwili, mwendo wa shaba, na nikajikuta nimeyafunika macho yangu yote mawili kwa viganja.